Je, Ni Haki Kushindanisha Mabingwa wa Enzi Tofauti?

Mwaka 1970 kumbi za sinema Marekani zilionyesha pambano la kubuni la uzito wa juu. Kompyuta iliamua kwamba Rocky Marciano, aliyestaafu mwaka 1956 bila kushindwa, angemwangusha Muhammad Ali raundi ya 13. Wakati huo Ali alikuwa kijana mwenye nguvu zake, lakini tangu mwaka 1967 alipokonywa ubingwa na kunyimwa leseni kwa kukataa kuingia jeshini.

Kulinganisha enzi si kosa. Kosa ni kumpa bondia mpinzani wa kubuni huku akizuiwa kukutana na wapinzani wa kweli. Haki yake ilikuwa ulingo. Mwaka 1974, mjini Kinshasa, alimwangusha George Foreman raundi ya 8, bila kompyuta.