Tusitafute wa Kulaumiwa



Wazee wetu wametuachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza husema: mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili husema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Moja yatupa jibu la damu, nyingine jibu la malezi. Na pale jamaa wanapotambua kwamba kijana wao, wa kiume au wa kike, anavutwa na watu wa jinsia yake, methali hizi hugeuka kuwa fimbo. Ndugu wa baba husema damu hiyo imetoka upande wa mama. Wengine husema mama alimdekeza. Nyumba huvunjika, na kijana hufukuzwa.

Tuulize basi: ni damu, au ni malezi?

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2019 walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 470,000, wengi wao wa Uingereza na Marekani. Hawakukuta kinasaba kimoja kinachoamua. Walikuta kwamba vinasaba vingi vinahusika, kila kimoja kwa nguvu ndogo sana, na hata vikijumlishwa haviwezi kutabiri mtu fulani atakuwaje. Tena mapacha wa kufanana kabisa, waliorithi mamoja, mara nyingi hutofautiana katika jambo hili.

Lakini tusikimbilie kusema, basi ni malezi. Mazingira ya mtoto huanza tumboni, kabla mtu yeyote hajamlea. Imeonekana kwamba mwanamume aliyetanguliwa na kaka wengi wa tumbo moja ana uwezekano mkubwa kidogo wa kuvutwa na wanaume. Mama gani atalaumiwa kwa hilo? Wala si ugonjwa wa kupelekwa kwa mganga. Shirika la Afya Duniani liliuondoa mvuto huu katika orodha ya magonjwa mwaka 1990.

Sisi wa Lindi na Masasi tunajua thamani ya malezi. Padre Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuwa Askofu wa kwanza wa Masasi, hakutaka jando lifutwe. Yeye na wenzake waliligeuza liwe la Kikristo, kwa kuwa kijana hana budi kufundishwa utu uzima. Hata hivyo, vijana wa jando moja, chini ya walimu wale wale, hawatoki na moyo mmoja. Malezi humfundisha mtu mwenendo: kujitawala, kusema kweli, kutomdhuru mwenzake. Mvuto wa moyo haufundishwi hivyo.

Maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walipokutana Lambeth mwaka 1998, walitamka kwamba ndoa ni ya mume na mke, na kwamba matendo hayo hayapatani na Maandiko. Lakini katika azimio lilo hilo walilaani hofu isiyo na msingi juu ya watu wa namna hii, wakaahidi kuwasikiliza. Sehemu ya kwanza twaikumbuka sana. Ya pili tumeiweka wapi?

Tusome Yohana sura ya 9. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi wake. Hatusemi kwamba hali hii ni upofu. Twatazama swali lao. Bwana hakumlaumu mtu yule, wala hakuwalaumu wazazi. Aliwageuza wanafunzi waitazame kazi ya Mungu, kisha akamkaribia mtu yule. Na baadaye, walipomfukuza, Bwana alimtafuta mpaka akamwona.

Basi, enyi wazazi, msitupiane lawama juu ya damu wala malezi. Mtoto wenu asifukuzwe nyumbani, asipigwe, asinyimwe sahani yake mkekani. Nanyi majirani, zuieni ndimi zenu. Nasi sote tulio mtaa mmoja, na tumsikilize kabla ya kumhukumu, ili akija kanisani asikute mlango umefungwa na sisi.

Mungu atujalie neema hiyo. Amina.