Samaki na Matumbawe Nyumbani: Pambo au Amana?

Ndugu mmoja katika wanaohudhuria darsa zetu alitujia baada ya sala ya alasiri, na uso wake una huzuni. Alikuwa na hodhi la kioo ukumbini mwake, amelijaza maji ya bahari, na ndani yake mna matumbawe hai na samaki wa rangi. Alikwenda Lamu harusini kwa siku nne. Huku nyuma umeme ukakatika usiku kucha, pampu zikasimama, na aliporejea aliyakuta maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, yananuka, na kila kilichokuwa hai kimekufa. Mtoto wake alilia. Jirani zake walicheka, wakamwambia: "Samaki hawa! Mbona twawala kila siku?" Basi akatuuliza masuali mawili: Je, ana dhambi? Na je, yafaa aanze tena?

Twakiri kwamba na sisi tulikaribia kutabasamu. Lakini tulipolitia suali lake katika mizani tuliona kuwa si dogo. Tutalijibu hapa, ili wafaidike na wengine.

Haifai kukihukumu kitu kabla ya kukijua. Basi kwanza tutazame hodhi hilo ni kitu gani. Samaki anapokula hutoa taka, na taka hizo huzaa amonia, ambayo ni sumu. Baharini sumu hiyo hupotelea katika maji mengi, lakini ndani ya kioo haina pa kwenda. Mwenyezi Mungu amejaalia vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikaavyo juu ya mawe na mchanga: kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Makundi haya hayapatikani kwa siku moja. Huchukua kiasi cha wiki nne hata sita kukamilika, na mwenye haraka atiaye samaki siku ya kwanza huwa amewatia katika sumu kwa mkono wake.

Kisha kuna chumvi. Maji ya bahari yana kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila lita. Joto likiyapunguza, yapaayo ni maji matupu, na chumvi hubaki. Kwa hivyo mwenye hodhi huongeza maji matamu, na lau ataongeza ya bahari chumvi itazidi kipimo. Wala chumvi ya jikoni haifai kutengenezea maji hayo, kwani bahari ina kalisi na magnesi na vinginevyo ambavyo tumbawe hujengea mwili wake. Na tumbawe si jiwe wala si mti. Ni mnyama, na ndani ya nyama yake mna vimea vidogo mno ambavyo humlisha kwa nguvu ya mwangaza. Joto la maji lifaalo ni kama nyuzi 24 hata 27. Likizidi kwa siku nyingi, tumbawe huvitoa vimea vyake, likawa jeupe, na aghalabu hufa. Hayo tuliyaona katika bahari yetu wenyewe mwaka 1998, joto lilipopanda katika Bahari ya Hindi na matumbawe mengi yakafa.

Basi mwenye hodhi amejitwika kazi ambayo bahari huifanya bila ya ujira: kupwa na kujaa, upepo, mawimbi, jua na kusafisha. Pampu ikisimama, maji hayapati hewa, na waliomo ndani hukosa pumzi kwa muda wa saa chache. Hivyo ndivyo walivyokufa samaki wa ndugu yetu.

Mchezo huu una historia yake. Mwaka 1846 bibi mmoja wa Kiingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe katika pwani ya Torquay akayaweka hai nyumbani kwake London. Pampu hazikuwapo, basi mtumishi wake wa kike ndiye aliyekuwa akiyamimina maji huku na huku mbele ya dirisha lililo wazi, muda mrefu, ili yapate hewa. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake kiitwacho The Aquarium, na watu wakaingiwa na shauku, wakashuka pwani kwa vikapu na patasi. Mwanawe, Edmund Gosse, aliandika mwaka 1907 kwamba vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni viliharibiwa na wakusanyaji hao, na kwamba baba yake alisikitika kuona vitabu vyake vimeleta uharibifu asioutazamia. Zingatieni, ndugu zetu: uzuri ulikuwa wa mwenye nyumba, uzito ulikuwa wa mtumishi, na khasara ilikuwa ya pwani.

Sasa turejee katika sheria. Imepokewa khabari ya mtoto Abu Umayr, aliyekuwa na kidege akicheza nacho. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akimtania kwacho wala hakumkataza. Wanavyuoni wametoa humo ruhusa ya kumweka kiumbe nyumbani kwa kuliwaza nafsi. Imepokewa pia khabari ya ndege aliyechukuliwa makinda yake, akawa anarukaruka kwa uchungu, na Mtume akaamuru arudishiwe. Na imepokewa ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Khabari hizi tatu hazipingani. Kuweka si haramu; kilicho haramu ni kudhulumu katika kutwaa na kupuuza katika kutunza. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba mwenye mnyama analazimika kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa amlishe au amuuze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa.

Hapa ndipo wanapokosea wale waliocheka. Mvuvi humtoa samaki kwa chakula, nacho ameruhusiwa; wala kabla ya hapo hakumzuilia riziki yake, kwani samaki alikuwa akijitafutia mwenyewe hata siku ya mwisho. Lakini aliyemfunga katika kioo amemkatia njia zote za kujitafutia, akasema kwa kitendo chake: riziki yako, na pumzi yako pia, ni juu yangu. Hiyo ni ahadi, ijapokuwa hakuitamka, na kuivunja ni khiyana.

Kwa hivyo jawabu la suali la kwanza ni hili. Kukatika kwa umeme si kosa lake. Lakini yeye ni mtu wa mji huu, ajua kuwa umeme hukatika, na aliondoka siku nne bila ya kumwachia mtu kazi ile. Hapo amefanya uzembe. Hakukusudia ubaya, na mlango wa toba u wazi; basi na atubu, wala asijifariji kwa vicheko vya jirani.

Na jawabu la pili: yafaa kuanza tena, kwa masharti. Asitwae matumbawe wala samaki mahali palipokatazwa, kama hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilizowekwa mwaka 1968. Asubiri maji yakomae. Gharama isichukuliwe katika haki ya mke na watoto. Awe na pampu ya hewa ya betri, na mtu aliyefundishwa kazi atakaposafiri. Ajue pia kwamba baadhi ya samaki hawa huishi zaidi ya miaka 20, basi asianze jambo ambalo shauku yake itakwisha kabla ya Ramadhani mbili. Wala asidhani kwamba akichoka atawamwaga baharini. Samaki-simba, ambaye asili yake ni bahari zetu na za mashariki, alionekana mwambao wa Florida mwaka 1985, na yaaminiwa kuwa alitoka katika mahodhi ya watu. Leo ameenea hata visiwa vya Karibi, akila samaki wa huko.

Akiona hawezi masharti haya, basi na aache, na kuacha kwake ni kheri. Ule mwamba ulioko nje haumtaki pampu wala taa. Maji ya bamvua yakipwa, na amshike mtoto wake mkono, wende wakatazame taratibu, bila ya kukanyaga matumbawe wala kung'oa kitu, kisha warudi nyumbani mikono mitupu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.