Usizilaze Bado

Mpwa wangu, nimepata habari kwamba mbao zimefika Tanga na fundi ameahidi kuanza Jumatatu, ili sakafu iwahi arusi ya dada yako. Nakuomba umrudishe. Mpe nauli, mpe na chai, mwambie utamwita. Najua utanuna. Wote hununa. Maneno haya nimewaambia watu wenye nyumba kubwa kuliko yako, na wengi walinielewa siku mbao zilipoinuka katikati ya sebule.

Mninga wako umetoka Tabora wakati wa kiangazi, majira ambayo hewa ya huko hukauka mpaka midomo ikapasuka. Wewe unakaa Raskazone, mlangoni pa bahari. Mti hata ukikatwa, ukapasuliwa na kupigwa randa, hauachi kuvuta maji na kuyatoa. Hufuata hewa ya mahali ulipo. Ndani ya nyumba ya Tanga isiyo na kiyoyozi, mbao hutulia ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 14 ya uzito wake mkavu. Iliyokaa ghalani bara wakati wa kiangazi yaweza kuwa na 9 au 10. Utasema tofauti ni ndogo. Haya, tupige hesabu kwa mtiki, ambao nao ni mti mtulivu. Mbao zake zilizopasuliwa bapa ukizilaza kwenye chumba cha upana wa mita 4, unyevu ukipanda kwa asilimia 4, sakafu nzima itadai karibu sentimita 3 za ziada. Kwa urefu mti hautanuki kitu cha kusumbua. Shida iko kwenye upana. Hizo sentimita itazipata wapi? Ikikosa nafasi ukutani itapanda juu, na hapo hapana gundi wala msumari wa kuishika. Mninga hutanuka kidogo kuliko miti mingi, ndiyo sababu wazee waliupenda kwa milango na makabati. Lakini kidogo si hakuna.

Anayenunua mtiki mbichi pale Muheza, uliotoka msumenoni wiki hiyo hiyo, ana msiba wa upande wa pili. Wake utasinyaa. Baada ya miezi michache ataanza kupoteza sarafu kwenye nyufa.

Sasa niambie, zege la sakafu ulilimwaga lini? Mafundi huhesabu mwezi mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya unene, na lako ni inchi 4. Basi anza kuhesabu miezi minne tangu siku ulipoacha kulimwagilia maji, na hiyo ni hesabu ya mahali penye hewa kavu. Kwetu ongeza. Kisha ulipime: kata kipande cha nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa utepe mpana pande zote, ukiache mchana na usiku. Ukikuta matone chini yake, au zege limekolea rangi kuliko lililo pembeni, bado. Ukikuta pakavu usishangilie mapema, maana kipimo hicho huonyesha maji yaliyo karibu na uso tu. Rudia karibu na bafu na kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Muulize pia aliyekujengea, bila kumgombeza, kama alitandika nailoni nzito chini ya zege. Akianza kujikuna kichwa, umeshajibiwa, na itabidi upake kizuizi cha maji juu kabla ya lolote.

Plasta nayo iwe imekauka, rangi imepakwa, vioo vya madirisha viko mahali pake. Nimeona watu wakiingiza mbao ndani huku mafundi rangi wangali wanachanganya ndoo, halafu wanamlaumu muuza mbao.

Nyumba ikishakuwa tayari, ndipo mbao ziingie chumba kile kile zitakamolazwa. Zisiingie gereji, wala barazani. Fungua mafungu yote. Panga fito sakafuni, zote za unene mmoja, sentimita 2 hivi, zikiachana nusu mita. Laza safu ya mbao, weka fito nyingine sawasawa juu ya zile za chini, safu nyingine, hivyo hivyo hadi mwisho. Fito zisipoelekeana wima, mbao zitapinda kwa uzito wa wenzao na utazikuta zimejikunja. Rundo lisiguse ukuta, lisipigwe na jua la dirishani. Kama mnakusudia kuishi na kiyoyozi, kiwasheni tangu sasa, kwa sababu kiyoyozi hushusha mbao hadi asilimia 10 au 11, na kitakachofuatwa ni hewa mtakayoishi nayo, si hewa ya mtaani.

Utaniuliza, siku ngapi? Hapo ndipo ninapochoka. Mmoja amesikia siku tatu, mwingine wiki mbili, na kila mmoja ananishikia kalenda. Mbao haina habari ya kalenda. Chukua mzani wa jikoni wa mama yako. Chagua mbao chache za katikati ya rundo, zenye urefu wa mita moja hivi, uziandike namba kwa penseli, upime kila moja na uandike uzito wake daftarini. Kila baada ya siku tatu zipime tena. Ubao wa namna hiyo una kilo moja na kitu, na asilimia moja ya unyevu ndani yake ni kama gramu 10, kwa hiyo mzani wa unga unatosha kukuambia kinachoendelea. Uzito ukiendelea kupanda, mti ungali unavuta. Ukisimama mara tatu mfululizo, umetulia.

Ukitaka kujua unyevu wenyewe, kata kipande kidogo mbali na ncha ya ubao, maana ncha hukauka upesi na itakudanganya. Kipime, kitie katika oveni ya nyuzi 103, ukitoe na kukipima hadi kisipungue tena. Kikianza na gramu 57 na kuishia 50, maji yalikuwa gramu 7, yaani asilimia 14. Kuna na kipima unyevu cha betri chenye sindano mbili; ni kizuri, ila kila mti una marekebisho yake, na wengi hawasomi karatasi iliyokuja nacho. Muuzaji akikuambia mbao zake zimetoka tanurini, mshukuru, halafu upime vilevile. Tanuri hukausha, haliizuii mbao kunywa tena njiani.

Wakati unasubiri, chambua. Mbao yenye ukingo mweupe iweke kando, kwani bungua na mchwa huanza na weupe, hata kwa mtiki. Ukiona vitundu vidogo vyenye unga laini, hiyo isilale ndani usiku huo. Na kwa mwenye mtiki, mbao zake zina mafuta. Zifutwe kwa spiriti kabla ya gundi.

Kama haraka ndiyo yenye nguvu, nunua mkeka wa plastiki uliochorwa mbao, utandike, watu wacheze, arusi ipite. Sitakulaumu, wala hapana mgeni atakayeinama kuchunguza.

Uzito ukisimama, nipigie simu. Nitakuja na rula ya mita 3 tuipitishe juu ya zege lote, na popote penye bonde au nundu ya zaidi ya milimita 5 patasagwa au kujazwa kwanza. Mwambie fundi akate vipande vya mbao vya milimita 15, vya kuachisha nafasi kando ya kila ukuta. Ubao wa pembeni mwa ukuta, yaani skating, utaifunika baadaye.