Mama ni Mwalimu wa Kwanza, Wala Si wa Peke Yake

Wasomaji wetu wanakumbuka kwamba tarehe 17 Machi 2020 ilitangazwa shule zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na shule za msingi hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni. Katika siku zile akina mama wengi walijikuta waalimu bila kuandikishwa. Mama mwenye mtoto wa darasa la pili, na mwingine wa darasa la tano, na wa tatu mgongoni, alitakiwa kueleza hesabu za kugawanya huku maharage yakiungua mekoni. Jirani zetu wa Uganda walionja zaidi, maana huko watoto wote hawakurudi shuleni mpaka Januari 2022.

Shule zimefunguliwa zamani, lakini swali lililozaliwa siku zile lingaliko. Je, mama Mkristu awe mwalimu wa watoto wake mpaka wapi? Ziko nchi, kama Marekani, ambako sheria inaruhusu katika majimbo yote 50 wazazi wawasomeshe watoto nyumbani, na jamaa nyingi za Kikatoliki zimechagua njia hiyo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yalazimisha kila mtoto aandikishwe shule ya msingi na kuhudhuria. Kwa hiyo mafundisho ya nyumbani kwetu ni yale ya jioni, ya Jumamosi na ya likizo. Hata hivyo swali la dhamiri ni lile lile, huko na huku. Mama anayefundisha huona anaacha umama wake. Mama asiyefundisha huona ameacha wajibu wake. Nao wahenga wanamtisha wakisema, mshika mawili moja humponyoka.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili ni wazi. Baba Mtakatifu Pio XI, katika barua yake ya tarehe 31 Desemba 1929 juu ya malezi ya vijana, alieleza kwamba haki ya jamaa ya kulea watoto yatoka kwa Mungu mwenyewe, nayo imetangulia haki ya serikali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Yohane Paulo II naye, mwaka 1981, alikaza kwamba haki na wajibu huo hauwezi kukabidhiwa wengine wote mzima. Tuangalie maneno mawili. Kwanza, husemwa wazazi. Hasemwi mama peke yake. Pili, kinachokatazwa ni kukabidhi yote. Kukabidhi sehemu hakukatazwi.

Wanaokosa kwa kukabidhi yote tunawajua. Hulipa karo, hununua sare na madaftari, kisha huona kazi imekwisha. Wengine walipeleka bwenini watoto ambao hawajui hata kujifunga viatu, mpaka mwaka 2023 Serikali ikazuia bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano, isipokuwa kwa kibali. Mwalimu aweza kumfundisha mtoto kusoma. Lakini nani atamfundisha kuomba msamaha kwa ndugu yake kabla ya kulala?

Lakini liko kosa la pili, nalo halisemwi sana kwa sababu linafanana na wema. Ni kosa la nyumba ambamo kila kitu kimewekwa juu ya mama: kupika, kunyonyesha, kulima au kwenda kazini, kusahihisha daftari, kufundisha katekisimu. Baba hurudi, hula, huuliza kwa nini mtoto ameshindwa mtihani. Mama akilia kwa uchovu, huambiwa kwamba huo ndio msalaba wake. Sisi twasema hapana. Msalaba tunaupokea kwa Mungu. Mzigo aliouacha mwenzetu njiani kwa uvivu hauwi msalaba kwa kuitwa hivyo. Na uchovu unaomfanya mama awapigie kelele watoto tangu asubuhi hata usiku hauwafundishi upendo wa Mungu, hata kama hesabu zote zimepata alama ya vema.

Tutazame mfano wa Mtakatifu Zélie Martin wa Alençon, Ufaransa, mama yake Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Alizaa watoto tisa, akazika wanne, na wakati huo huo alikuwa na kazi yake ya kufuma lesi na wanawake waliomfanyia. Katika barua zake hakuficha uchovu wake. Alifanyaje? Mabinti wake wakubwa, Marie na Pauline, aliwapeleka wasome kwa masista wa Le Mans, ambako dada yake mwenyewe alikuwa mtawa. Mume wake Louis, fundi saa, aliuza duka lake mwaka 1870 akaja kumsaidia katika kazi ya lesi. Zélie alipofariki mwaka 1877, Teresia alikuwa na miaka minne tu, na Pauline ndiye aliyemfundisha nyumbani kusoma. Tarehe 18 Oktoba 2015 Kanisa liliwatangaza mke na mume watakatifu siku moja. Mama huyu hakufundisha kila somo kwa mdomo wake, wala hatukusikia kwamba umama wake ulipungua.

Methali yetu yasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wanaume wengine hujificha nyuma yake. Lakini wazee walisema kufunzwa; hawakusema kusomeshwa. Kufunza ni kumtia mtoto adabu, ukweli, huruma na uchaji wa Mungu, naye mama huyafanya hayo akichambua mchele au akimwogesha mtoto, bila ubao wala chaki. Kazi hiyo asimwachie mtu. Hesabu na sarufi zaweza kugawanywa: kwa mwalimu, kwa baba, kwa kaka na dada, kwa bibi. Imani ya Timoteo, kama asemavyo Mtume Paulo, ilianza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Na Yesu alipobaki Hekaluni akiwa na miaka kumi na miwili, Maria na Yosefu walimtafuta wote wawili.

Basi, akina baba, jioni ya leo chukueni ninyi lile daftari, na sala ya usiku iongozwe nanyi. Nanyi wanajumuiya, mjane au mama aliyeachwa peke yake asingoje mpaka aombe: mmoja wenu mwenye elimu awaite watoto wake pamoja na wa kwake. Nawe mama, ukiisha kutimiza lililo lako, lala bila kujihukumu, kwa maana hata usingizi Mungu amekupa uwe na nguvu ya kuwapenda kesho.

Familia Takatifu ya Nazareti ituombee.