Mgeni wa Wikendi na Ukweli wa Nyumba Zetu



Kila kiangazi, na tena karibu na Krismasi, simu za aina moja hutufikia wengi wetu hapa London. Shangazi amekuja Birmingham kwenye mahafali ya mwanawe na angependa kuuona mji kabla ya kupanda ndege. Mjomba yuko kwenye semina Uholanzi na amepata siku mbili. Anafika Ijumaa jioni, anaondoka Jumapili usiku. Tunafurahi kweli, maana ndugu akija huja na habari za nyumbani ambazo simu haiwezi kuzibeba. Lakini lipo swali linalofaa tulitafakari pamoja. Katika saa hizo 48, mgeni anatudai nini? Chakula na kitanda, hilo halina ubishi. Je, anatudai pia ukweli kuhusu maisha yetu?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huwa tunaitaja methali hii kwa utani, kumkumbusha mgeni asikawie. Lakini mna jambo jingine ndani yake. Siku mbili za kwanza mgeni hupewa kilicho bora. Siku ya tatu anaingia shambani, na huko ndiko anakoijua nyumba ilivyo: udongo ukoje, magugu ni kiasi gani, ghalani kumebaki nini. Jembe lilimfundisha mgeni. Mgeni wetu wa wikendi haifikii siku ya tatu. Anaonja pilau, anaondoka hajalishika jembe.

Anaona nini basi? Jumamosi tunampeleka Westminster. Anasimama darajani, anapigwa picha Bunge na Big Ben vikiwa nyuma yake. Ng'ambo ya mto, mkabala na Bunge, ipo Hospitali ya St Thomas', ile iliyoipokea shule ya wauguzi ya Florence Nightingale mwaka 1860. Kwenye viwanja vyake imesimama tangu 2016 sanamu ya Mary Seacole, mwanamke wa Jamaika aliyewahudumia askari katika vita vya Crimea. Wageni wengi hawageuzi simu upande huo. Lakini maisha ya wengi wetu yako upande huo: zamu za usiku, wodi, nyumba za kulea wazee, jikoni, maghala, kile tulichozoea kukiita kubeba maboksi.

Wapo wanaosema kwamba kumwonyesha mgeni kilicho kizuri si uongo, ni heshima. Tunakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ibrahimu pale Mamre aliwaambia wageni wake kwamba atawaletea mkate kidogo, kisha akaandaa ndama. Hakuna aliyemwita mwongo. Ila tuangalie: aliahidi kidogo akatoa kingi, na ndama alitoka kwenye kundi lake mwenyewe. Wikendi inayoendeshwa kwa kadi ya mkopo haifanani na hiyo. Mgeni anakula deni bila kujua, na anaondoka akiamini ameonja utajiri.

Na picha haiishii kwenye simu yake. Inafika kwenye kikao cha harusi, pale mchango wa aliye London unapokadiriwa kabla hajaulizwa. Hilo ni dogo. Kubwa ni kijana wa Mwanza au Kisumu, mwenye kazi yake ya kawaida, anayemwomba baba auze kiwanja ili alipwe wakala anayeahidi kazi ya kea Uingereza. Sisi huku tunajua kwamba tangu Machi 2024 makea wapya hawakuruhusiwa tena kuja na wenzi wao na watoto, na kwamba Julai 2025 mlango wa kuwaajiri makea kutoka nje ulifungwa. Shangazi aliyelala kwetu siku mbili angeweza kuyasema hayo mbele ya ukoo, na angesikilizwa kuliko sisi. Yeye hatashukiwa kwamba anawazibia wengine njia. Tukimpa picha tupu, tumemnyima neno la kusema. Kwa hiyo ukweli huu hautuhusu sisi na dhamiri zetu tu. Yupo mtu wa tatu, hayupo mezani, na kiwanja ni cha baba yake.

Mtu atajibu kwamba mgeni hakuja kusikiliza vilio. Ni kweli. Martha aliandaa vizuri, kisha akamgeuza mgeni kuwa mwamuzi kati yake na dada yake. Sisi tulio katika uuguzi tunaijua tofauti hii. Kumweleza mgonjwa hali yake ni huduma. Kumtupia hofu zetu ni kujipunguzia mzigo. Hata kwa mgeni ndivyo ilivyo. Tena si kila jambo ni letu kulisema. Makaratasi ya ndugu mwingine au siri ya ndoa ya jirani hayatoki mezani kwetu kwa jina la ukweli.

Mfano unaotufaa zaidi ni mjane wa Sarepta. Eliya alipoomba mkate, mama yule alimweleza wazi: unga umebaki konzi moja, mafuta kidogo, na baada ya hapo yeye na mwanawe hawana kitu. Hakuficha, wala hakumfukuza. Alisema kwanza, akaoka baadaye. Na kwa kuwa mgeni aliijua hali, alijua pia neno la kumpa mwenyeji wake.

Basi tunaweza kuanza mapema. Mgeni anapopiga simu, tumwambie zamu zetu: kwamba Ijumaa usiku mmoja wetu atakuwa kazini, na Jumamosi asubuhi nyumba itakuwa kimya kwa sababu mtu amelala. Tumpeleke British Museum, National Gallery na kilima cha Greenwich Park, ambako hakuna kiingilio. Tupande basi, tukae ghorofani mbele, aone mji kwa nafasi. Kisha apate saa moja ya jembe. Atukute mlangoni tukirudi na sare ya kazi. Aende nasi dukani aone bei. Ajue kodi ya nyumba inachukua sehemu gani ya mshahara. Ajue na mema pia, maana ukweli si shida tupu: watoto wanasoma shule bila ada, kazi ngumu inamlipia mama dawa kule nyumbani, na kanisa hili limetuzika, limetuoza na limetulelea watoto.

Akiwa amejua hayo, pilau ya Jumamosi haipungui ladha. Inaongezeka thamani, maana anajua imetoka wapi.

Jumapili mlete ibadani, na baada ya ibada abaki kwenye chai tumsalimie. Akituuliza maisha ya huku yakoje, tusiseme tu "tunamshukuru Mungu" tukanyamaza. Tumshukuru Mungu, kisha tumjibu.