Kuvuka Daraja la Juu: Ushujaa au Upuzi?

Ndugu msomaji, hivi karibuni alikuja kunizuru kijana niliyemsomesha chuoni tangu alifu mpaka akahitimu. Siku hizi afanya kazi Uswisi, na alikuwa amekuja likizo pamoja na mkewe. Baada ya kuamkiana na kunywa kahawa akaniambia, "Maalim, tuna suala letu, tumekuja utuamulie." Nikadhani ni mambo ya mirathi au ya nyumba. Kumbe ni suala la daraja!

Karibu na kijiji cha Randa, katika milima ya nchi hiyo, pana daraja la miguu lililofunguliwa mwaka 2017. Urefu wake ni mita 494, na pahali pake pa juu kabisa ni mita 85 kutoka chini. Ukipandisha minazi mitatu mirefu, mmoja juu ya mwenzake, huenda kilele kisifike. Upana wake ni sentimita 65 tu, na sakafu yake ni ya wavu wa chuma, hata mwenye kupita aliona bonde chini ya nyayo zake. Lote limening'inia kwa kamba za chuma zilizokazwa kwenye mwamba huku na huku.

Wawili hawa walikwenda huko pamoja na wenzao wa kazini. Mke akapiga hatua chache, akatazama chini, miguu ikamlegea, akarudi. Mume akapiga kelele, "Mwoga we!" Wenzake wakacheka. Yeye akavuka, akapigwa picha ng'ambo. Tangu siku hiyo, nyumbani mwao hamna raha.

Mume akasema, "Maalim, mwenye imani aogope nini? Siku ya mtu ikifika imefika, hata akiwa kitandani."

Mke akasema, "Maalim, mimi sina udhuru. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na mimba. Niliogopa tu. Nataka kujua, je, kuogopa ni aibu?"

Basi, ndugu msomaji, nikaona suala hili si la watu wawili tu. Wengi wetu tuna madaraja yetu.

Kwanza tutenganishe haja na anasa. Katika milima ya Nepali yako maelfu ya madaraja ya miguu ya kuning'inia. Mtoto huyapita kwenda shule, na mgonjwa huchukuliwa juu yake kwenda kutibiwa. Na sisi hapa pwani tusisahau. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, wakafa watu 272. Lakini watu wa ng'ambo hawakuacha kuvuka maji, kwani riziki zao zilikuwa upande wa pili. Mtu wa namna hii hatumwambii kwamba anacheza na roho yake. Hata hilo daraja la Randa lina faida yake, kwani humwepusha mwenda kwa miguu na saa nyingi za kuteremka bonde na kulipanda tena. Kwa hivyo daraja lenyewe si upuzi.

Pili, tuitazame hoja ya mume. Ni kweli kwamba siku ya mtu haitangulii wala haichelewi. Lakini kweli hii hatukupewa ili tuifanye mto wa kulalia. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei nahodha wajibu wa kukaza kamba zake. Huko huko Randa palikuwa na daraja la kwanza, lililojengwa mwaka 2010. Mawe yakaporomoka yakaliharibu, likafungwa. Wenyewe hawakusema, "Atakayekufa na afe kwa siku yake," wakawaacha watu wapite. Walilifunga, kisha wakajenga jingine.

Na tazama yaliyotokea Morbi, katika Gujarat, nchi ambayo majahazi yake yalifika bandari zetu tangu zamani. Tarehe 30 Oktoba 2022 daraja la kale la kuning'inia lilikatika likiwa limejaa watu, wakafa zaidi ya 130, na wengi katika hao walikuwa watoto. Lilikuwa limefunguliwa siku chache tu baada ya matengenezo. Walipochunguza, wakakuta nyuzi za kamba yake kuu zimeliwa na kutu. Je, tuseme ni siku zao tu, basi tunyamaze? Hasha! Siku ya mja iko kwa Mola wake, na dhamana ya kamba iko kwa aliyekabidhiwa. Hofu ya kumfanya mtu aulize, "Daraja hili nani amelikagua?" si upungufu wa imani. Hiyo ni akili, na akili ni amana.

Hapo mume akanijibu, "Lakini daraja lile ni zima, Maalim. Maelfu wamelipita." Nami nakubali. Hofu ya mkewe haikutokana na kutu wala hesabu. Ilikuwa hofu ya mwili, naye Aliyeumba mwili ndiye aliyeitia humo ili iulinde. Nabii Musa alipoiona fimbo yake imegeuka nyoka alikimbia, wala utume wake haukupungua. Wazee wetu nao walisema: kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio.

Tatu, ushujaa ni nini? Asiyeogopa kitu tusimwite shujaa, kwani hata mtoto mchanga haogopi moto. Shujaa ni yule anayeogopa, kisha akaibeba hofu yake kwa ajili ya jambo lililo kubwa kuliko hofu hiyo. Lau mtoto wa mama yule angekuwa analia ng'ambo ya bonde, nina yakini angevuka, hata kwa kutambaa. Lakini siku ile ng'ambo palikuwa na nini? Picha tu. Na fahari ya urefu nayo haidumu. Daraja la Randa lilipofunguliwa lilisifiwa kuwa ndilo refu kuliko yote ya namna yake duniani. Mwaka 2021 Ureno wakafungua la mita 516, na mwaka 2022 Ucheki wakafungua la mita 721. Mwenye kuvuka ili atajwe, atavuka mangapi?

Sisemi kwamba ni haramu kuvuka. Kijana aliniambia kwamba alipofika katikati akaiona milima myeupe kwa theluji, ulimi wake ukamsabihi Mola bila ya kutaka. Kuvuka kwa namna hiyo ni halali yake na ni furaha njema. Kosa lake halikuwa katika miguu. Lilikuwa katika ulimi.

Mwaka 2000 walifungua daraja la miguu London. Watu wakalijaa, likaanza kuyumba. Walipolichunguza waliona kwamba wapitao, bila ya kuambiana, walikuwa wakilinganisha hatua zao na ule mwyumbo, na kila walipolinganisha ndivyo lilivyozidi kuyumba. Likafungwa, lisifunguliwe tena mpaka mwaka 2002. Kicheko cha kundi ndivyo kilivyo. Mmoja huanza, wa pili hufuata, wala hapana aliyekusudia kumwumiza mtu, na mtu huumia.

Nasema haya kwa kuwa nayajua. Nilipokuwa mtoto, njia yetu ya chuoni ilipita kwenye kijito cha mikoko, na juu yake palikuwa na gogo moja la mnazi. Sote tulilipita ila mwenzetu mmoja, aliyezunguka kwa njia kubwa kila siku, akachelewa, akapigwa. Hakutushitaki hata mara moja. Sisi tulimwita "Kunguru." Jina likamganda mpaka akawa mtu mzima mwenye wajukuu. Nilikuwa nikijiambia, iko siku nitakwenda nimtake radhi. Akafariki kabla sijakwenda. Nilisimama kwenye maziko yake nikasikia mtu nyuma yangu anauliza, "Ni Kunguru yule?" Msomaji wangu, sijawahi kuliogopa daraja lolote kama nilivyoliogopa neno lile.

Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa hii. Anayetaka kuvuka ajiulize mambo matatu: Je, kamba ni nzima? Wanaonitegemea nyumbani nimewafikiri? Na ninavuka kwa ajili ya nani? Akiridhika, avuke kwa jina la Mungu. Asiyeweza, arudi bila ya aibu. Wala asiwepo wa kumsukuma mwenzake, kwa mkono wala kwa neno.

Kijana akainamisha kichwa, kisha akamgeukia mkewe akamwambia, "Nisamehe." Mke akasema, "Nimekusamehe. Na wale waliocheka?" Akajibu kwamba atakaporejea atawaambia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba alimkosea. Nikaona hilo ndilo daraja lake la kweli, nalo bado hajalivuka.

Na wewe msomaji, kama kuna uliyempa jina, usingoje kama nilivyongoja mimi. Na taufiki ni kwa Mwenyezi Mungu.