Nusu ya Mwanga ni Kifo cha Nani?

Wanakemia wanaobuni vitu vya kutoa mwanga kwenye vioo vya simu wana namna yao ya kuhesabu umri. Wanawasha, wanasubiri, wanapima. Saa ambayo mwanga umeshuka hadi nusu ya ulivyoanza, wanaandika: hayo ndiyo maisha yake. Watengenezaji wa vioo mara nyingi ni wakali zaidi, wanahesabu mpaka mwanga ufikie asilimia 95 tu, basi. Baada ya hapo jedwali liko kimya.

Nataka tulisome jedwali hilo tukiwa Tunduma. Ila kwanza kitu chenyewe.

Tumezoea kwamba plastiki haipitishi umeme, ndiyo maana waya unavishwa plastiki. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba plastiki ya aina fulani inapitisha vizuri tu, na mwaka 2000 wakapewa Nobel ya kemia. Siri ni mnyororo wa kaboni wenye bondi moja, bondi mbili, bondi moja, bondi mbili, zikipishana hadi mwisho, kiasi kwamba elektroni haina nyumba moja, inazurura mtaa mzima. Mwaka 1990 watafiti wa Cambridge, wakiwemo Jeremy Burroughes na Richard Friend, wakatangaza kwamba polima ya namna hiyo ukiipa umeme inawaka, kijani cha kuelekea njano. Kuanzia hapo ikawa kama kazi ya fundi cherehani: ongeza tawi hapa iyeyuke ipakwe kama wino, badilisha pale rangi ihamie chungwa. Vioo vingi vya OLED mfukoni mwetu leo vinatumia molekuli ndogo badala ya polima ndefu, lakini ukoo ni mmoja na ugonjwa ni mmoja.

Ugonjwa wenyewe ni bluu. Mwanga wa bluu unabeba nguvu kubwa kuliko wa kijani na nyekundu, na nguvu hiyohiyo huvunja molekuli inayoutoa. Polima za bluu za ukoo wa polifluoreni zikiguswa na oksijeni huanza kugeuka kijani. Ndiyo maana kwenye kioo cha OLED bluu huchoka kabla ya wenzake. Kisha vinakuja vivuli: kibodi inabaki imechorwa hata ukifungua picha ya mtoto wako.

Sasa Tunduma, mji wa malori, shilingi na kwacha kwenye mfuko mmoja. Shaba na kobalti za Zambia na Kongo zinapita hapa kwenda bandari ya Dar es Salaam, na Kongo ndiyo inayochimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini ya betri. Simu zenyewe zinarudi baadaye, na si chache zinarudi zikiwa “used”, zimeshatumika Dubai au kwingine. Kwa utingo wa lori au mkulima wa kahawa wa Mbozi, simu inaweza kuanza maisha pale ambapo jedwali limeshafunga hesabu.

Je, mbunifu ana deni lolote kwa mtu huyu wa tatu?

Mwanakemia atajibu: mimi nimepima tu, nusu ni alama ya kulinganisha, si hukumu. Sawa, bila alama moja maabara mbili haziwezi kuelewana. Lakini alama ina mtu ndani yake. Asilimia 95 inamfikiria mteja ambaye mwakani anabadilisha simu. Mtu wa Tunduma ana swali jingine: kikichoka, kitachokaje? Sawasawa, au kwa mabaka? Kufifia sawasawa tunakuvumilia, unasogea kivulini tu. Hilo nalo linapimika maabara. Mbona halipewi uzito uleule?

Kwa sasa jibu liko kwa fundi simu: “Unataka OG au copy?” Hiyo copy mara nyingi ni LCD, nene kidogo, nyeusi yake ina ukijivu. Fundi mwaminifu atakwambia, mwingine atanyamaza, na kunyamaza huko ni kosa, sitetei. Ila huyo unajua kibanda chake, kesho unarudi na kelele zako.

Dawa ya bluu imeanza kupatikana. Badilisha haidrojeni ya kawaida ndani ya molekuli kwa dyuteri, ndugu yake mzito, na bondi zinakuwa ngumu kuvunjika. LG Display walitangaza vioo vya televisheni vya namna hiyo mwishoni mwa 2021. Uimara ulitajwa, lakini sifa iliyobebwa juu ilikuwa mwanga ulioongezeka hadi asilimia 30. Yaani molekuli ilipopata nguvu ya kuishi zaidi, sehemu ya nguvu hiyo ilitumiwa palepale ili ing'ae dukani, mbele ya mnunuzi wa kwanza.